Shamba la miti ya mbao mchanganyiko, Moshi na Arusha: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa anayeanza

Masika yakikaribia, maswali ni yale yale. "Nina eka mbili Uru, nipande mti gani wa hela?" "Mtiki unakubali Machame?" "Nimeambiwa eka moja ya miti inamlipa mtu mamilioni ndani ya miaka kumi, ni kweli?" Nimeamua kuyajibu kwa pamoja, kwa mpangilio ambao mtu anaweza kuufuata akiwa shambani.

Msimamo wangu nautanguliza. Kwa shamba dogo au la kati huku kwetu, usipande aina moja. Panda aina tatu hadi tano zinazokomaa kwa nyakati tofauti. Wenye umri wanakumbuka nyua na mashamba ya misaiprasi yalivyogeuka rangi ya kutu na kukauka baada ya vidukari kuingia Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980. Kabla ya hapo, miaka ya 1960, paina ya aina ya radiata iliachwa kupandwa kwa sababu ya ukungu wa majani. Aliyekuwa na aina moja alibaki na kuni. Na hili si jambo geni kwa wenyeji wa mlimani: kihamba cha Mchagga, yaani shamba lake la nyumbani, kina migomba na kahawa chini, juu mfuruanje, mringaringa na msesewe, kila mmoja na kazi yake. Kihamba cha Shimbwe Juu kilitambuliwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Tunachofanya hapa ni kuchukua akili hiyo na kuipangia mbao.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Ardhi yenye karatasi. Maelezo yako hatua ya kwanza, na usiiruke.
- Fedha ya miaka mitatu. Wengi wanakuwa na fedha ya siku ya kupanda tu: mashimo, miche, gari, chakula cha vibarua. Palizi za mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu hazimo kwenye hesabu, na huko ndiko mashamba yanakofia. Ukipata jumla ya gharama za kupanda, weka kando kiasi kinachokaribia hicho hicho kwa ajili ya matunzo. Kama hakitoshi, punguza eka.
- Mtu anayeishi karibu na shamba, anayelipwa kwa kazi inayoonekana. Ndugu wa kuambiwa "niangalizie" bila malipo hafai, hata awe mwema kiasi gani.
- Panga, sululu, jembe, msumeno wa kupogolea, kamba ya manila ya mita 30, futi ya kupimia nguo, na daftari gumu.
- Kipato kingine. Miti haitalipa ada ya mtoto mwaka kesho. Fedha ndogo ya kwanza, ya mirunda na kuni, huja kati ya mwaka wa nne na wa sita. Ya mbao huja baada ya miaka 15 na kuendelea.

Hatua ya 1: Maliza habari ya ardhi

Mti unakaa kwenye ardhi muda mrefu kuliko viongozi wa kijiji na pengine kuliko wewe. Kwa hiyo mkataba wa mdomo hautoshi. Kwa ardhi ya kijiji, unachotafuta ni Hati ya Haki Miliki ya Kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999. Kama unanunua, muuzaji asije peke yake. Waje mke au mume, watoto wakubwa, majirani wa mipaka yote, mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, na muhtasari wa kikao uandikwe. Tembeeni mpaka wote kwa miguu. Pale penye masale, uliza ni nani aliyeyapanda na lini, kwa sababu mlimani isale ndilo jiwe la mpaka.

Kama ardhi ni ya ukoo, hapa naomba unisikilize vizuri. Migogoro mingi ya miti ninayoifahamu haikuletwa na wezi. Ililetwa na ndugu. Kaka mmoja yuko Dar, anatuma fedha, miti inapandwa kwenye sehemu ya baba. Baba akifariki, kila mtu anasema miti ni ya urithi. Tumieni kikao cha Desemba, watu wote wakiwa nyumbani, muandike: shamba ni la nani, miti ni ya nani, akivuna nani anapata nini. Wote watie sahihi, mwenyekiti agonge muhuri. Ni rahisi kuyasema hayo miti ikiwa na urefu wa kiganja.

Angalia pia mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au chanzo cha maji. Ukinunua eka moja yenye kijito pembeni, pima hizo mita 60 kwanza ndipo useme una eka ngapi za kupanda.

Hatua ya 2: Lisome eneo lako

Mtu wa Kibosho na mtu wa Kahe wanaiona Kilimanjaro moja, lakini hawana mvua moja. Mteremko wa kusini, kuanzia Marangu, Uru, Kibosho hadi Machame, unapata mvua ya kutosha miti karibu yoyote ya mbao. Ukishuka hadi Moshi mjini mvua inapungua sana, na tambarare za Kahe na Arusha Chini ni kame zaidi. Upande wa Kilimanjaro Magharibi uko nyuma ya mlima na mvua zake ni chache. Arusha hivyo hivyo: Tengeru, Usa River na Nkoaranga si sawa na Oldonyo Sambu.

Fanya majaribio mawili yasiyo na gharama.

La kwanza, chimba shimo la sentimita 60, lijaze maji jioni. Yakiwa bado yametuama asubuhi, msedrela, mmoja wa miti ya hatua ya 3, hautaishi hapo, kwa sababu mizizi yake haivumilii maji yaliyotuama.

La pili, kwa wa tambarare: angalia kama udongo unaota ukoko mweupe kiangazi kikianza, na kama unakuwa mgumu kama sakafu. Hayo ni magadi. Eneo kubwa la Moshi ya chini linayo. Ukiyakuta, usipande miti ya mbao kibiashara hapo. Tafuta kipande kingine, hata kama hiki ulikipata kwa bei nzuri.

Hatua ya 3: Chagua kundi la miti

Swali la "mti gani" ligeuze liwe "kundi gani". Kila kundi liwe na mti wa haraka, mti wa kati na mti wa thamani wa muda mrefu.

Mgrevilea ndio uti wa mgongo huku kwetu. Unakubali kuanzia tambarare zenye mvua hadi juu kwenye kahawa, unastahimili kukatwa matawi mara kwa mara, na mbao zake zina soko Moshi na Arusha. Pahali pazuri unafikia mbao miaka 15 hadi 20.

Msedrela, kitaalamu Cedrela odorata, ni mti wa kati. Mbao yake nyekundu mafundi wa fanicha wanaipenda. Onyo lake ni moja: unasambaa wenyewe kwa mbegu za upepo. Msitu wa Kimboza kule Morogoro umevamiwa nao vibaya. Shamba lako likipakana na msitu wa asili, acha msedrela, tumia mringaringa.

Mringaringa ni wa kwetu, majani yake hurutubisha udongo, mbao yake ni ya heshima. Ukiachwa peke yake uwanjani unapinda na kutanua matawi. Ukibanwa na jirani zake unanyooka. Mchanganyiko unaufaa hasa.

Mkangazi, Khaya anthotheca, ndiyo mahogani ya kwetu. Unahitaji udongo wenye kina na unyevu, na usipande juu sana; ukipita mita 1,500 unadumaa. Adui yake ni kiwavi anayetoboa kichipukizi cha juu. Kikifa kichipukizi, mti unatoa vilele vitatu na gogo linaharibika. Ukipandwa kati ya migrevilea, kwenye kivuli chepesi, hushambuliwa kidogo na hukimbilia juu.

Mvule nao hauvumilii kupandwa peke yake. Wadudu wadogo hutia vinundu kwenye majani ya miche mpaka kilele kinaoza. Weka michache, iliyotawanyika, maeneo ya chini ya mita 1,200 au hivi. Huo ni mti wa wajukuu, miaka 50 na zaidi.

Kuhusu mtiki: unaofanya vizuri Longuza kule Muheza na bonde la Kilombero unapata joto na mvua ambavyo Machame au Ngaramtoni havina kwa pamoja. Machame kuna baridi, Kahe hakuna mvua. Kwa Moshi ya chini, kwenye udongo mzuri usio na magadi na penye maji ya mfereji, unaweza kujaribu mstari mmoja. Usiweke fedha yako yote.

Mkaratusi sijauweka kwenye mchanganyiko kwa makusudi. Unameza wenzake. Ukitaka mirunda, upandie kipande chake, mbali na maji.

Kwa wa Kilimanjaro Magharibi na maeneo ya juu yenye baridi upande wa Meru, msaiprasi bado unapandwa, lakini uwe sehemu ndogo, ukichanganywa na mgrevilea, na mtarakwa kwa mwenye subira.

Hatua ya 4: Chora kabla ya kuchimba

Nafasi ya mita 3 kwa 3 inakupa miche kama 450 kwa eka, kabla hujatoa nafasi ya njia. Kwa eneo la ukanda wa kahawa lisilopakana na msitu, naigawa hivi: migrevilea 220, misedrela 120, miringaringa 60, mikangazi 50. Mstari mmoja wote uwe mgrevilea. Mstari unaofuata uchanganye misedrela na miti ya asili. Kisha mgrevilea tena. Hivyo kila mkangazi unapata mgrevilea pande mbili.

Funga mafundo kwenye kamba ya manila kila mita 3. Watu wawili wanaivuta, wa tatu anachomeka vijiti vya alama. Kwenye mteremko, mistari ifuate kontua, isishuke na mlima, la sivyo mvua ya Aprili itaondoka na udongo wako mpaka barabarani.

Acha njia ya upana wa mita 4 kuzunguka shamba na moja katikati. Wengi wanaiona ni upotevu wa ardhi. Njia hiyo ndiyo itakayozuia moto, na ndiyo itakayopitisha trekta au mkokoteni siku ya kutoa magogo.

Hatua ya 5: Tafuta miche mapema

Ukitaka kupanda Machi, mbegu ziwe kitaluni Septemba au Oktoba. Mbegu za mgrevilea na mkangazi hazikai muda mrefu, zikikaa mno hazioti, kwa hiyo usinunue za mwaka jana. Mbegu zenye chanzo kinachojulikana zinapatikana kupitia Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Ushauri pia hauko mbali: Chuo cha Misitu Olmotonyi kiko nje kidogo ya jiji la Arusha, na Chuo cha Viwanda vya Misitu kiko Moshi mjini. Nenda uulize. Wataalamu wapo, ni watu hawaendi tu.

Ukinunua kwenye vitalu vya barabarani, usichague mche mrefu kwa sababu ya urefu. Unaotakiwa una sentimita 20 hadi 30, shina limekomaa, rangi ya kahawia chini. Inua kiriba. Kama mzizi umepenya na kuingia ardhini, mche huo umekaa mno. Omba kuvunja kiriba kimoja uone ndani. Ukikuta mzizi mkuu umejizungusha chini, usichukue kundi lile lote: mti wa namna hiyo unaweza kukua miaka mitano vizuri, kisha upepo mmoja unauangusha. Muuzaji anayekukatalia kuvunja kiriba kimoja katika mia nne, muache.

Agiza asilimia 15 zaidi ya hesabu yako.

Hatua ya 6: Mashimo na kupanda

Chimba kiangazi, Januari na Februari, ili shimo lipate jua. Sentimita 45 kwa upana na kina. Kwenye ukame fanya 60. Udongo wa juu weka upande mmoja, wa chini upande mwingine. Siku ya kupanda, wa juu ndio unaorudi kwanza ukiwa umechanganywa na samadi iliyooza. Samadi mbichi inaunguza mizizi na inaita mchwa.

Usipande mvua ya kwanza. Mvua ya kwanza ya Machi inadanganya. Subiri mpaka udongo ulowe kina cha kiganja na nusu, ndipo uite watu.

Toa kiriba chote. Nasisitiza kwa sababu vibarua wanaolipwa kwa idadi ya miche huchana chini kidogo na kukizika. Dawa yake ni rahisi: lipa kwa viriba vitupu vinavyorudishwa. Viriba 450 vikihesabiwa mezani, malipo kamili.

Kandamiza udongo kwa mguu, acha kisahani cha kukinga maji upande wa juu wa mteremko.

Vuli usiitegemee kwa kupanda shamba zima. Itumie kurudishia iliyokufa.

Hatua ya 7: Miaka mitatu ya palizi

Mwaka wa kwanza palilia mara tatu, wa pili mara mbili hadi tatu, wa tatu mara mbili. Mduara wa mita moja kuzunguka mche uwe safi kabisa. Kwingine unaweza kufyeka tu.

Panda maharage katikati misimu miwili ya kwanza. Mashamba ya serikali ya Meru na Kilimanjaro Magharibi yametumia wakulima wadogo kwa mtindo huo kwa miaka mingi: wanalima chakula, miti inapaliliwa. Maharage ya kutambaa usiyaruhusu, yanapanda juu ya mche na kuuvunja. Mahindi yakae mita moja kutoka kwenye mche. Ukimpa jirani alime bure kwa masharti ya kutunza miche, andika masharti, na umpitie kabla hajavuna.

Mbuzi. Usiku mmoja wa mbuzi kumi ni mwisho wa miringaringa yako yote. Kama huna fedha ya uzio, kubaliana na wafugaji wa karibu uso kwa uso, na kwa heshima, kabla hujapanda. Nenda mwenyewe, usitume mtu. Wape njia ya kupita kwenda majini kama ilikuwepo. Ukiziba njia ya mifugo iliyozoeleka, uzio wako hautadumu.

Usikague shamba Desemba peke yake. Mwezi huo shamba limeshapaliliwa na mistari ya mbele imepambwa kwa ajili yako. Ingia mpaka katikati, hesabu mistari miwili mizima, andika iliyokufa. Njoo tena Agosti, kiangazi kikiwa kimeiva, uone ukweli.

Hatua ya 8: Kupogoa na kupunguza

Mbao isiyo na vifundo inatengenezwa mti ukiwa mchanga. Ukifika urefu wa mita 4 au 5, ondoa matawi ya theluthi ya chini, kwa msumeno, karibu na shina bila kuchuna gome. Panga linaacha kidonda kirefu na ukungu unaingia hapo. Rudia kila baada ya miaka miwili mpaka upate mita 6 za shina safi. Kamwe usiondoe zaidi ya nusu ya matawi mabichi kwa mara moja.

Kupunguza ndiko kunakowauma watu. Mwaka wa tano au wa sita unatakiwa ukate karibu theluthi ya migrevilea, iliyo dhaifu na iliyopinda. Wengi wanagoma: "Nikate miti mizima?" Ndiyo, kata. Iuze mirunda na kuni. Ukiiacha yote, utakuwa na fito nyingi zisizonenepa. Punguza tena mwaka wa tisa au wa kumi. Usipunguze kwa macho ya dalali anayetaka mizuri. Weka alama ya rangi kwenye ya kukatwa wewe mwenyewe au bwana misitu, kisha simamia.

Miti ya thamani iliyofunikwa na mgrevilea, ifungulie juu. Mkangazi unataka kivuli chepesi utotoni, lakini ukifika miaka sita au saba unahitaji jua kileleni.

Hatua ya 9: Pima, ndipo uuze

Hapa ndipo mkulima anapoibiwa kwa adabu. Dalali anakuja, "Shikamoo mzee," anazunguka shamba mkono nyuma, kisha: "Hii yote nakuchukulia jumla." Bei ya jumla kwa macho ni bei yake. Wewe pima.

Zungusha futi ya nguo kwenye shina, urefu wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Gawa kwa 3.14, umepata kipenyo. Mzingo wa sentimita 94 ni kipenyo cha 30. Mti wa kipenyo hicho, wenye urefu wa mita 15, una ujazo wa karibu nusu mita ya ujazo. Ukipasuliwa vizuri unaopata kama mbao ni theluthi tu au zaidi kidogo, yaani karibu mbao tisa za mbili kwa nne za futi 12. Mti wa kipenyo cha 20 na urefu wa mita 12 unatoa kama tatu. Ndiyo maana miaka michache ya kusubiri kutoka 20 hadi 30 ina thamani kuliko miaka yote iliyotangulia, na ndiyo maana dalali anakuja mapema.

Pita kwenye maduka ya mbao mjini, uliza bei ya mbao moja, zidisha, toa gharama ya kupasua na usafiri. Sasa unajua pa kuanzia mazungumzo. Aliye na msumeno wa mnyororo anapoteza mbao nyingi kuwa unga; mashine nzuri ya kupasulia inakulipa hata ukiisafirishia magogo.

Vibali: miti uliyopanda ni yako, lakini kuikata na kuisafirisha kuna taratibu chini ya Sheria ya Misitu Namba 14 ya 2002. Anzia ofisi ya kijiji, kisha afisa misitu wa wilaya, kabla msumeno haujawashwa. Magogo yatagongwa nyundo ya alama na utapata hati ya kusafirishia. Bila hati hiyo gari litakwama kwenye geti la kwanza la maliasili. Kwa miti ya asili kama mvule na mkangazi, chukua tahadhari tangu siku ya kupanda: piga picha zenye tarehe, andika idadi kwenye daftari, mpe mtendaji nakala akupigie muhuri. Miaka 30 baadaye hakuna atakayekumbuka kama uliupanda au uliota wenyewe.

Ukiambiwa ununue "miti" ya kampuni

Wengine wanapenda kuwekeza bila kulima: unalipa, unapewa cheti cha miti kadhaa iliyo mbali, unaahidiwa faida. Zipo kazi za kweli za namna hiyo, na zipo za kukausha mifuko. Kabla ya kutoa fedha, uliza hati ya ardhi ni ya nani na inaisha lini. Nenda ukaione miti yako kwa namba. Uliza nani analipia palizi na moto. Na uliza itakuwaje kampuni ikifungwa mwaka wa nane. Anayekuahidi asilimia maalumu kila mwaka kutoka kwenye mti ambao haujafikisha unene wa kuvunwa, fedha yake inatoka kwa mwekezaji anayekuja nyuma yako. Ondoka.

Matatizo yanayojitokeza sana

Miche inanyauka mmoja mmoja, ukiuvuta unang'oka kirahisi na gome limeliwa chini. Ni mchwa. Ondoa nyasi kavu zinazogusa shina, chimbua kichuguu kilicho karibu umtoe malkia, na urudishie vuli kwa mche uliokomaa zaidi. Tambarare ndiko shida hii ilikozidi.

Mikangazi inatoa vilele vingi. Kiwavi amepita. Kata sehemu iliyotobolewa hadi kwenye mti mzima, ichome, acha kichipukizi kimoja chenye nguvu. Fanya hivyo kila mwezi wakati wa mvua mpaka shina lifike mita 5 au 6.

Majani ya migrevilea yanakuwa manjano na kilele kinakauka. Tazama maji kwanza: yametuama, au udongo ni kina kifupi juu ya mwamba? Kama ni hivyo, mbolea haitasaidia, na hapo usirudishie mgrevilea.

Moto umepita. Usikate kitu wiki ya kwanza. Subiri mvua, kisha kwangua gome kidogo: kukiwa na kijani chini, mti upo. Mringaringa mchanga mara nyingi unachipua tena kutoka chini. Chagua chipukizi moja.

Mgrevilea umewazidi wenzake na shamba limekuwa giza. Kata matawi yake ya pembeni, yasizidi nusu kwa mara moja, majani yawe matandiko ya mifugo na matawi yawe kuni, na uutangulize kwenye awamu inayofuata ya kupunguza.

Fedha ya palizi imekata mwaka wa pili. Usijaribu kuokoa eka zote. Chagua eka iliyo nzuri kuliko nyingine, itunze kikamilifu, nyingine mpe jirani alime maharage bila kodi.

Unahitaji fedha na miti haijakomaa. Usiikate. Uza mirunda ya kupunguzia kama muda wake umefika, au uza shamba pamoja na miti yake. Mnunuzi aone daftari: tarehe ya kupanda, aina, idadi iliyo hai, vipimo vya mzingo vya kila mwaka, hati na ule muhtasari wa familia wenye muhuri. Bila daftari atakulipa bei ya pori.